Mpima Paa Hajaona Nyumba

Mpima paa hajaona nyumba. Ndivyo alivyowaambia fundi Lusekelo asubuhi ya leo, mlipomwonyesha picha ya nyumba ya shangazi yenu kwenye simu na kumtaka ataje gharama ya kuikarabati. Alikataa kutaja, akasema atakwenda kuiona mwenyewe, akapanda baiskeli yake akaondoka. Nanyi mkaja kuniuliza maneno yale yametoka wapi, kwa maana mmeyasikia kwa mwalimu, mmeyasikia kanisani, na kila mtu huyasema kana kwamba yalikuwapo tangu enzi za mababu.

Hayakuwapo. Aliyeyasema nilimjua, maji tulichota kwake, na siku alipoyasema nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwenye kiti chake. Kaeni basi, niwaeleze yalivyozaliwa.

Miaka ile nilikuwa mwenyekiti wa mtaa wa Ikisa, upande wa juu wa mji, kabla barabara ya mchepuko haijapita. Nyumba zilizotakiwa kuvunjwa zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Idadi hiyo sijaisahau, kwa kuwa niligonga muhuri mara mia nne na kumi na mbili.

Ilipotangazwa kwamba barabara itapita kwetu, tulijua watakuja wathamini. Mthamini ndiye mtu anayeingia nyumbani kwako, akaikagua nyumba, akasema ina thamani gani, ili ikivunjwa ulipwe kinachokustahili. Na mthamini tuliyemzoea sisi alikuwa Gwakisa Mwandemele, mtu mrefu, mkimya, aliyevaa buti za mpira hata kiangazi. Alikuwa ametimiza miaka ishirini na sita akiingia nyumba za watu.

Gwakisa hakuwa na haraka. Akifika kwako, kwanza hukaa. Anauliza nani alijenga, mawe yalitoka wapi, masika maji hupita upande gani. Kisha anainuka, anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole huku akisikiliza. Anasogeza kabati aone kilichofichwa nyuma yake. Anachimbua kidogo kwenye kona aone msingi umeshuka kiasi gani. Anahesabu migomba, anauliza kama kuna kaburi shambani, na akionyeshwa kaburi anavua kofia kabla ya kuliandika. Hakupendwa na kila mtu. Ukuta ukiwa mbovu aliandika mbovu, hata kama umemchinjia kuku. Lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba Gwakisa aliandika nyumba asiyoiona.

Safari ile hakuja. Ilikuja ndege nyuki, ile ndege ndogo isiyo na rubani, asubuhi moja ambayo ukungu ulikuwa umeondoka mapema. Ilizunguka juu ya mtaa hadi jua lilipopanda, watoto wakaikimbilia, kisha ikaenda zake. Picha ilizopiga zikaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wenye akili mnemba. Gwakisa alinieleza baadaye jinsi ulivyofanya kazi. Ulikuwa umelishwa ripoti za maelfu ya nyumba zilizothaminiwa miaka ya nyuma, ukajifunza humo kwamba paa la namna hii, mahali pa namna hii, kwa kawaida hufunika nyumba ya thamani hii. Na ripoti hizo nyingi ziliandikwa na yeye na wenzake, kwa kutembea kwenye matope.

"Wametuchukua macho," aliniambia. "Miguu wameiacha."

Kwa siku mbili mfumo ulimaliza mtaa mzima, kazi ambayo wathamini saba wangeifanya kwa miezi mitatu. Ofisi yao ikawaita. Sita wakaambiwa mikataba haitaendelea. Mmoja wao alirudi kijijini kulima viazi. Mwingine nilimkuta stendi akiuza laini za simu, akajifanya hanijui. Gwakisa peke yake alibakizwa, wala si kwa ujuzi wake. Utaratibu ulitaka kila fomu iwe na sahihi ya mthamini aliyesajiliwa. Chini ya kila fomu palikuwa na mstari uliosema: Nathibitisha kwamba nimeikagua nyumba hii. Kazi yake ikawa kutia sahihi hapo. Yangu ilikuwa kugonga muhuri pembeni.

Jumamosi moja alinifuata nyumbani. Alikuwa na tepu yake ya kupimia mkononi, na rundo la fomu chini ya koti, maana manyunyu yalikuwa yameanza.

"Mwenyekiti, nisindikize," akasema. "Siwezi kuandika kwamba nimekagua nyumba ambazo sijazikanyaga."

"Zote?"

"Nitakazoweza."

Aliweza thelathini na moja, Jumamosi ile na Jumapili baada ya ibada. Ya tisa ilikuwa ya Bibi Tupokigwe.

Mumewe, marehemu Andembwisye, alikuwa mwashi. Nyumba ile aliijenga kwa miaka kumi na moja, kwa mawe aliyoyachonga mwenyewe kule mtoni na kuyapandisha kidogo kidogo kwa mkokoteni. Ukutani mawe yalikuwa yameumana, huwezi kupitisha ukucha kati yake. Chini ya sakafu alichimba tangi la maji ya mvua, na mwaka ule mabomba ya mji yalipokauka kwa miezi minne, nusu ya mtaa tulichota humo. Bibi hakumtoza mtu hata senti. Mama yenu alikuwa mchanga wakati huo. Maji aliyoogeshwa yalitoka kwenye tangi lile.

Lakini bati lilikuwa kuukuu. Kutu ilikuwa imelila, limetiwa viraka vya mabati ya rangi mbalimbali, na mparachichi mkubwa ulikuwa umelalia zaidi ya nusu ya paa.

Gwakisa alikaa mle ndani hadi mchana. Bibi alimpa ndizi za kuchoma na maziwa mgando. Alipofunuliwa mfuniko wa tangi alilala kifudifudi, akamulika ndani kwa tochi, akabaki hivyo muda mrefu. Alipoinuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutana na ndugu.

"Mama," akamwambia, "miaka ishirini na sita sijaona kazi kama hii. Mzee alijifunza wapi?"

"Kwa kubomokewa," Bibi akajibu. "Ya kwanza ilituangukia tukiwa ndani. Akasema hii haitaanguka."

Tulipotoka nje, Gwakisa alinionyesha fomu ya mfumo. Nyumba ya Bibi Tupokigwe ilikuwa imeandikwa: kibanda, vyumba viwili, hali mbaya. Vyumba vilikuwa vitano. Vitatu vilikuwa chini ya mparachichi. Fidia yake ilikuwa shilingi milioni nne.

"Ya kumi ni ipi?" akauliza.

Ya kumi ilikuwa ng'ambo ya njia, nyumba ya bati jipya la bluu lililong'aa hata kwenye manyunyu. Ilikuwa yangu.

Sitawaficha. Nyumba ile niliijenga kwa tofali mbichi. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeuza ng'ombe wawili nikanunua bati la bluu, kwa sababu niliona si vizuri mwenyekiti kulala chini ya kutu. Ukuta wa nyuma niliuegemeza kwa nguzo tatu za mti. Gwakisa aliuwekea kiganja, akasukuma kidogo tu, vumbi likamwagika kwenye buti zake. Akanipa fomu niisome mwenyewe. Mfumo uliandika: nyumba ya kisasa, hali nzuri sana. Shilingi milioni thelathini na moja.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Jumatatu twende ofisini, wewe na mimi. Nikisema peke yangu, watasema mzee anatetea kitumbua chake. Wewe ni shahidi. Tena wewe ndiye utakayepunguziwa, kwa hiyo utaaminiwa."

Nikamwambia nitakwenda. Na siku ile, nikisema nitakwenda, nilimaanisha.

Mkuu wake wa kitengo alikuwa kijana, Festo Luvanda, mtu wa adabu. Alisimama tulipoingia, akatuamkia, akatutafutia viti mwenyewe. Gwakisa akamwekea fomu mbili mezani, ya Bibi na yangu, pamoja na vipimo alivyovichukua kwa mkono. Luvanda akavisoma vyote taratibu. Hakudharau. Ningependa kuwaambia kwamba alidharau.

"Nimekuelewa, mzee wangu," akasema. "Lakini mfumo unamruhusu mthamini kurekebisha asilimia kumi tu, kupanda au kushuka. Ukizidisha hapo, faili lote linarudi makao makuu na mtaa mzima unaanza upya."

"Basi uanze upya."

"Watu mia nne wasubiri mwaka mwingine kwa sababu ya bibi mmoja?"

"Si mmoja. Nimeingia nyumba thelathini na moja. Kumi na saba zimekosewa. Hizo ambazo sijaingia sizijui."

"Na hao kumi na saba, wote wamepunjwa?"

Gwakisa akajibu, "Wengine wamezidishiwa."

Luvanda akanigeukia mimi. "Mwenyekiti, watu wako unawajua. Kuna malalamiko mtaani?"

Wajukuu zangu, lilikuwa swali jepesi. Nilichotakiwa kusema ni kwamba nyumba ya bluu ni yangu na ukuta wake umeshikwa na miti. Maneno hayo nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Lakini nilikuwa pia nimelala siku mbili na ile milioni thelathini na moja, nimeshaijengea vyumba, nimeshaipigia sakafu.

"Watu wanataka walipwe," nikasema. "Malalamiko rasmi sijapokea."

Ilikuwa kweli. Hakuna aliyekuwa ameonyeshwa fomu yake bado, angelalamikia nini?

"Mwenyekiti," Gwakisa akaniita. Mara moja tu. Mimi nikatazama dirishani.

Luvanda alisubiri kama nitaongeza neno. Sikuongeza. Akavuta kiti chake karibu na Gwakisa, akashusha sauti.

"Mzee wangu, umebakiza miaka mitatu ustaafu. Mama watoto yuko kliniki ya figo kila wiki, na kadi yake ya bima ni ya ofisi. Mimi sikulazimishi. Usiposaini nitamtafuta mwingine. Wenzako sita wako nje hawana kazi, na yeyote kati yao atasaini zote bila kuinuka kitini."

Hakuwa anamtisha. Alikuwa anamweleza mambo yalivyo, na mambo yalikuwa hivyo.

Gwakisa akalitoa rundo lote la fomu, akaliweka mezani. Kisha akaomba kalamu. Tulifanya kazi ile mpaka alasiri, yeye akisaini, mimi nikigonga muhuri. Nathibitisha kwamba nimeikagua. Nathibitisha kwamba nimeikagua. Alipofika kwenye fomu ya Bibi Tupokigwe alisimama, akaongeza asilimia kumi aliyoruhusiwa, ikawa milioni nne na laki nne. Alipofika kwenye yangu akapunguza asilimia kumi. Hicho ndicho kilichokuwa kimebaki cha ujuzi wake wa miaka ishirini na sita. Tulipotoka hatukuongozana.

Watu walipopewa fomu zao, Bibi Tupokigwe alikuja kwangu nimsomee yake, akidhani macho yake yamekosea. Nikamwambia kuna nafasi ya kukata rufaa. Nikamsaidia hata kuituma, kwa simu yangu, nikapiga picha za kuta na tangi. Jibu lilirudi kabla hajamaliza chai niliyomkaribisha. Liliandikwa: Ombi lako limepitiwa kwa makini. Thamani haijabadilika.

"Nani ameipitia?" akauliza.

"Mfumo, Bibi."

"Na nilipokufungulia mlango Jumamosi ile pamoja na yule mthamini, mkakaa kwangu mpaka mchana, yale mliyoyaona mliyapeleka wapi?"

Nilimwambia tuliyapeleka ofisini. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Katapila lilifika mwezi wa sita. Lilianza kwangu. Lilisukuma mara mbili, nyumba yote ikakaa chini, bati la bluu likabaki juu ya kifusi likiwa zima kabisa. Watu waliokuwa wakitazama wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka mimi ni nani wakanyamaza. Halafu likavuka njia.

Kwa Bibi lilisukuma asubuhi nzima. Ng'oa bati, ng'oa kenchi, hayo yalikwisha upesi. Lakini kuta zilikataa. Kufika saa nane jino moja la katapila lilikuwa limekatika, na ukuta wa mbele ulikuwa umesimama vilevile, una mikwaruzo myeupe tu. Ikabidi waache. Kesho yake wakaleta katapila la pili, yakasukuma mawili kwa pamoja, na bado ilichukua mpaka jioni.

Siku hiyo ya pili mtaa mzima ulikuwapo. Bibi Tupokigwe alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mbao kando ya vyombo vyake, amejifunga khanga mbili kwa baridi. Gwakisa naye alikuja. Hakuna aliyemwita. Alisimama karibu yangu, lakini si karibu sana.

Mchana dereva wa katapila alizima mashine, akashuka, akajipangusa uso. Alikuwa mgeni, mtu wa kuzunguka na kampuni mji hadi mji. Akachukua karatasi kutoka kwa msimamizi, akaisoma, akautazama ukuta, akaisoma tena. Kisha akamwendea Bibi.

"Bibi, nisamehe," akasema. "Humu wameandika kibanda. Waliokipima hawakuwa na macho?"

Bibi hakupaza sauti. Alimjibu kama anavyomjibu mgeni aliyeuliza njia.

"Mpima paa hajaona nyumba, mwanangu. Huyo wa juu simlaumu, aliona alichokiona."

Kisha akageuka kwenye kiti, akatutazama mimi na Gwakisa.

"Aliyeiona ndiye ana la kujibu."

Gwakisa alisogea mbele hatua moja. "Ni kweli, mama," akasema. Mimi sikusogea. Dereva akapanda mashine yake, akawasha.

Kwa milioni nne na laki nne Bibi alipata kiwanja kule bondeni, akajenga vyumba viwili vya tofali mbichi, akaezeka kwa bati jipya. Ndege nyuki ingepita tena ingemwandika vizuri. Masika ya kwanza maji yaliingia mpaka kitandani. Masika ya pili hakuyamaliza. Tulimzika mwezi wa nne.

Gwakisa hakufika kwenye kustaafu kwake. Mwaka uliofuata aliitwa ofisini akapewa barua. Luvanda alimweleza kwa heshima ileile. Walikuwa wamechunguza fomu zote za Ikisa na za mitaa mingine, wakakuta kwamba mthamini hakupingana na mfumo hata mara moja zaidi ya kiwango kilichoruhusiwa. Kila fomu ilikuwa na sahihi yake. Kwa hiyo ilithibitika kwamba mfumo haukosei, na kwamba hakuna haja ya mtu wa kuhakiki. Alinisimulia hayo tulipokutana sokoni, mara ya mwisho nilipomwona. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki.

"Nilisaini ili nibaki," aliniambia. "Kumbe nilikuwa nasaini kwamba sihitajiki."

Nikamwomba msamaha pale pale, katikati ya watu wanaochagua nyanya. Akaniambia amenisamehe. Sijui kama alimaanisha, hakunipa mkono.

Na mimi, kama mnavyoona, nilijenga. Nyumba hii mliyozaliwa ndani yake ndiyo iliyotoka kwenye bati la bluu. Msingi wake ni wa mawe ya mtoni, mnajua, mnakaa juu yake kila jioni. Kifusi cha Bibi Tupokigwe kilikuwa kinauzwa kwa lori. Nilinunua malori matatu, kwa sababu mawe yale yalikuwa mazuri, na yalikuwa karibu.

Yule dereva aliyabeba maneno ya Bibi katika safari zake, akiyasimulia kila alipobomoa nyumba. Akakumbuka yale aliyoambiwa yeye. Yale tuliyoambiwa sisi hayakumhusu. Hapa Ikisa nako tuliyasema, na sisi tuliyakatia palepale, ingawa tulikuwa tumeyasikia yote. Nusu ile ya kwanza inailaumu mashine, na mashine haina uso wa kuona haya. Kwa hiyo ikaenea vizuri, ikafika mashuleni na makanisani, hadi leo ikamfikia fundi Lusekelo, kijana wa watu, ambaye hana kosa kwa kuisema hivyo.

Lakini ninyi mmeniuliza mimi. Bibi Tupokigwe aliketi kwenye kiti chake mbele ya ukuta wa mumewe, akasema hivi: Mpima paa hajaona nyumba, aliyeiona ndiye ana la kujibu.